Rangi Kwenye Kazi ya Mkwe

Faida hakuwa mtu wa kuzungusha neno. Alipowakusanya wenzake karakanani Kasongo, aliweka simu mezani akasema, "Leo tunachagua, tunamaliza. Lusangi wanasubiri ruhusa ya kigari."

Kigari chenyewe kilikuwa kitanda cha magurudumu cha kuvutwa na pikipiki, kwa ajili ya akina mama wenye uchungu wa kuzaa. Hadi sasa walibebwa kwa machela, na wengine hawakufika. Timu ilikuwa imeunda vigari viwili. Kimoja kilikuwa kijijini Wamaza kwa majaribio, mikononi mwa mwenzao Zakaria. Kingine kilikwisha kupelekwa zahanati ya Lusangi, ila kisiguswe mpaka Faida atoe ruhusa. Ruhusa ilitegemea habari za Wamaza, na habari zilikuwa zikipotea njiani. Ndiyo maana walitafuta programu ya kusimamia kazi.

Clovis, mtu wa kompyuta, alileta mbili. Ya kwanza ilikuwa kama ubao: kila kazi na jina la aliyeifanya, kijani ikiwa nzima, nyekundu ikiwa na kasoro, na wote wanaona. Ya pili ilipeleka ujumbe wa sauti kwa kiongozi peke yake.

"Mama Faida, hii ya pili iko muzuri," alisema Zakaria. "Mutu anasema na wewe pembeni."

"Mambo ya pembeni ndiyo yanaharibu kazi."

"Lakini kuweka jina la mukubwa nyekundu..."

Clovis akadakia, "Unaogopa programu ao unaogopa mukwe?"

Karakana nzima ikaangua kicheko, maana mkwe mwenyewe alikuwepo: mzee Faradji, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye binti yake Asma alikuwa mke wa Zakaria. Mzee alitazama chini, akapangusa mikono isiyokuwa na uchafu. Faida naye alicheka. Kisha akachagua ubao.

Ubao ukakaa kijani wiki baada ya wiki, hadi asubuhi moja Zakaria alipoona ufa kwenye chuma kinachounganisha kigari na pikipiki, palepale Faradji alipochomelea. Alifungua simu. Jina la mzee likamkodolea macho. Mtu hamvui mkwewe nguo sokoni. Akaacha rangi kama ilivyokuwa, akakiegesha kigari, akakata shauri kwenda Kasongo kumwambia mzee kwa mdomo, ndani ya nyumba. Na kwa mkwe huendi na neno baya mikono mitupu. Akatafuta kuku. Ugonjwa wa kideri ulikuwa umefagia kuku Wamaza yote. Ikambidi azunguke mashambani, na siku ikaishia humo.

Alasiri hiyo Léontine, mkunga wa Lusangi, alipiga simu. "Mama, niko na Dieudonnée hapa, mutoto amekaa vibaya. Kigari tukitumie ao bado?"

Faida aliangalia ubao. Kijani.

"Mupakie," alisema.

Kwenye kigari cha Lusangi, chuma kama hicho kilikatika mlimani baada ya daraja. Kigari kikarudi nyuma, kikatumbukia mtoni. Dieudonnée alizikwa na mtoto wake tumboni.

Zakaria alifika Kasongo na kuku kwapani, akawakuta wenzake karakanani. Walipomwambia, naye alisema yake yote akiwa mlangoni, bila kumtazama mkwewe.

"Sasa kwa nini hukuweka nyekundu?" Clovis alifoka.

"Kwa baba ya Asma? Mbele yako wewe, unayecheka?"

Faradji aliketi sakafuni. "Hata kile cha Lusangi nilichomelea mimi," alisema. "Mikono hii."

Faida alichukua simu, akaigeuza kazi ile kuwa nyekundu. Akafuta jina la Faradji, akaandika lake. Haikumsaidia mtu, na alilijua hilo kabla hajabonyeza. Akafunga kitambaa kichwani.

"Unaenda wapi?" aliuliza Clovis.

"Lusangi. Niwaambie watu wake ni mimi nilisema wamupakie."

"Watakupiga, mama."

"Wanipige."

Zakaria alimsogelea, akamnyooshea kuku. "Mikono mitupu, hapana."

Faida alimpokea kuku. Nyuma ya pikipiki alimbana kifuani, akausikia moyo wa kuku huyo ukidunda njia nzima, na hadi nyumba za kwanza za Lusangi zilipotokea alikuwa bado hajapata neno la kuanzia.