Swali la Shemeji Mtaroni

Mafundi wenzake walimwita Parapanda, na jina likamkaa hata mkewe akalizoea. Kazini alisimamia genge la wachimba mitaro ya majitaka. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, aliyepewa jukumu la kusema neno la mwisho makaburini, na huko ndiko jina lilikotoka. Hakuna jeneza lililoteremshwa mbele yake bila yeye kuwakumbusha waombolezaji, kwa sauti iliyowafikia hata wapita njia, kwamba parapanda italia na makaburi yatafunguka. Watu walimpenda kwa hilo. Ambaye hakuguswa na maneno hayo ni mmoja tu, shemeji yake, mume wa dada yake mdogo, ambaye alichimba naye kwenye genge hilohilo.

"Hiyo tarumbeta yenu ikikaribia kulia," Shemeji alizoea kumwambia mbele ya wenzao, "nishtue mapema nivae viatu." Genge zima lilivunjika mbavu. Parapanda naye alicheka, ila kicheko cha upande mmoja, maana alijua mzaha ule ulikuwa na mzizi. Miaka mitatu nyuma walimzika baba yake Shemeji, mzee aliyekunywa mpaka chupa zikamshinda, na ambaye kanisani hakukanyaga. Siku hiyo Parapanda alisimama kaburini akasema maneno machache tu: "Sisi tuliobaki, tujifunze." Hakutaja parapanda kulia, wala kaburi kufunguka. Akafunga mdomo, akarudi kwenye kivuli. Shemeji hakumuuliza kitu, naye hakueleza. Mizaha ilianza wiki iliyofuata.

Sasa ilikuwa Jumanne, yapata saa nne asubuhi, nyuma ya kiwanda cha kufulia nguo. Mtaro ulikuwa na kina cha watu wawili, mmoja akisimama mabegani mwa mwenzake. Sehemu kubwa kingo zake zilikuwa zimekingwa kwa mbao zilizokazwa na miti, isipokuwa kipande cha mwisho. Mbao za kipande hicho zilikuwa bado kwenye lori, upande wa pili wa uwanja, na dereva wa lori alikuwa amekwenda kunywa chai, ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Kiungio kimoja cha bomba kilivuja. Mhandisi alikuwa amepiga simu mara mbili.

"Shemeji, mbao za huku bado," alisema Shemeji.

"Tunabana kiungio kimoja tu. Dakika kumi."

Shemeji aliutazama ukuta wa udongo, akamtazama yeye, akateremka ngazi. Parapanda akamfuata na spana.

Hakusikia kishindo. Alisikia kitu kama gunia la mchanga likipasuka mgongoni pake, kisha kukawa kimya na giza, na mdomo umejaa udongo. Alitema, akatema tena. Alipoweza kufumbua macho aliona bomba pana la plastiki limelala mshazari juu ya kichwa chake, limezuia mzigo wote usimfunike. Mwanga ulipenya kwenye upenyo wa upana wa karai. Yeye alikuwa amefukiwa mpaka kiunoni, na mguu wa kushoto ulikuwa umekunjika vibaya, wenyewe ukimwambia umevunjika. Umbali wa mkono mmoja, kilitokeza kichwa cha Shemeji na bega moja. Vilivyobaki vilikuwa ndani ya udongo.

"Upo?" aliuliza Parapanda.

"Nipo," Shemeji akajibu, akivuta pumzi fupifupi. "Sijui kwa muda gani."

Huko juu watu walipiga kelele, mmoja akitaka mashine, mwingine akiapa kwamba mashine ikisogea tu ukuta wa pili nao utashuka. Kisha ikasikika sauti ya dereva wa winchi ikiwaambia wachimbe kwa mikono na wawaite zimamoto. Punje za udongo ziliendelea kudondoka juu ya bomba, tap, tap, na kila zilipodondoka Parapanda alikaza shingo.

Meno yake yalikuwa yakigongana. Alijaribu kuyabana, yakakataa.

"Mbona unatetemeka?" Shemeji aliuliza. "Si ndiko unakotusindikiza kila Jumamosi?"

Siku nyingine yoyote angekuwa na jibu. Alikuwa nayo mengi, ameyapanga kichwani kama spana kwenye mkoba. Aliyatafuta, asipate hata moja.

"Naogopa," alisema.

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Alingoja kicheko. Hakikuja. Shemeji alifumba macho, akayafumbua, akamkazia.

"Basi nikuulize. Baba yangu yuko wapi?"

"Shemeji, hifadhi pumzi."

"Usinipe ya makaburini. Nipe ya kweli, pumzi ya kusikiliza hotuba sina. Wafu wenzake wote uliwafungulia mlango. Yeye ukamsimamia kama askari wa getini. Yuko wapi?"

Udongo ukashuka tena, safari hii kwa kishindo, ukamfika Shemeji kidevuni. Parapanda alinyoosha mikono, akaanza kuukwangua kwa kucha, akiutupa nyuma yake, akakwangua tena mpaka kidevu kikawa huru. Vidole vilimvuja damu. Wakati wote huo macho ya Shemeji hayakubanduka usoni pake.

"Sijui," alisema mwishowe. "Siku ile nilijifanya najua. Niliogopa watu watasema mzee wa kanisa anabariki ulevi. Nilikuja na tumaini, nikamnyima baba yako, utadhani ni mali yangu."

"Na si yako?"

"Ni ya yule aliyeingia kaburini akatoka. Kama alitoka kwa ajili ya watu wema peke yao, basi hata mimi huko sina changu. Ni mimi niliyekushusha humu bila mbao."

Kichwa cha Shemeji kiliinama, na Parapanda akadhani amezimia.

"Nilikuambia," sauti ikatoka.

"Uliniambia."

"Nikitoka nitakuzaba makofi mbele ya genge zima."

"Nitakutegea shavu."

"Na nisipotoka? Tutaonana huko, au utanipita kama hunijui?"

"Nitakutafuta," Parapanda alisema, na safari hii sauti yake haikutetemeka, ingawa mwili uliendelea. "Kabla ya mtu mwingine yeyote. Hata kabla ya mama yangu."

Shemeji akataka kucheka, akaishia kukohoa. Midomo yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi. "Niombee," alisema. "Lakini fupi."

Parapanda, ambaye sala zake makaburini ziliwachosha wazee miguu, akasema: "Bwana, huyu ni mume wa dada yangu. Usituache humu. Na ukituacha humu, usituache."

"Amina," alisema Shemeji. Halikuwa neno lake la kila siku, akalitamka kama mtu anayejaribu kiatu.

Saa sita kasoro, mtu wa zimamoto aliteremshwa kwa kamba kupitia kwenye upenyo, uliokwisha kupanuliwa. Alikuwa mwembamba, kofia imemfunika nyusi. Akapapasa huku na huku, akautazama ukuta wa pili, ambao ulikuwa na ufa ulioanzia juu na kushuka usawa wa macho yake.

"Sina muda wa kutosha wa watu wawili," alimwambia Parapanda kwa sauti ya chini. "Huenda nikaupata, huenda nisiupate. Wewe uko karibu. Robo saa uko nje. Yeye atanichukua zaidi."

Mdomo wa Parapanda ulikwisha kufunguka kusema "Haya". Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Aliwaona watoto wake mezani na kiti chake mwenyewe kitupu mbele ya sahani, akalitamani jua mpaka machozi yakamlengalenga. Hakuwa tayari kwenda kokote. Akageuza shingo akamwona Shemeji anamtazama bila mzaha.

"Yeye kwanza," alisema.

"Mzee, sikiliza..."

"Yeye! Anza kabla sijabadili nia!"

Ilichukua dakika arobaini. Walipitisha mbao moja nyuma ya mgongo wa Shemeji, wakachota udongo kwa mikebe na ndoo ndogo, wakamfunga mkanda kifuani. Kila ndoo iliyopanda ilipita sentimita chache kutoka usoni pa Parapanda, naye aliutazama ufa ukiongezeka upana wa kidole. Hakuimba wala hakusali kwa maneno. Viatu vya Shemeji vilipopita juu ya kichwa chake na kutokomea kwenye mwanga, ushujaa wote ukamwishia, akapiga yowe kama mtoto, akitaka wakimbie wamfuate. Wakamfuata. Walipokuwa wakimvuta, mguu ukamuuma mpaka dunia ikawa nyeupe, na ukuta wa pili ukashuka chini yake. Ulimvua kiatu.

Uwanjani alimkuta Shemeji ameegemea gurudumu la lori, blanketi mabegani, kikombe cha maji mkononi, anawachekesha wanawake wa kile kiwanda. Dada yake alifika mbio, kandambili moja imemkatikia njiani, akamwangukia mumewe shingoni. Watu wakapiga makofi. Mtu mmoja alisema huo ni muujiza, na Parapanda, juu ya machela, akaamini.

Lakini mwili wa Shemeji ulikuwa umebanwa muda mrefu mno. Daktari alieleza baadaye kwamba nyama iliyobanwa vile ikiachiliwa humwaga sumu kwenye damu, na figo zikishindwa kuisafisha hakuna mzaha. Usiku ule, hospitalini, miguu yake ilivimba. Asubuhi hakupata haja ndogo. Jumatano, saa nane mchana, alikata roho.

Jioni hiyo dada yake alikuja wodini alikolazwa Parapanda, akavuta kiti cha chuma, akaketi. Macho yalikuwa makavu, na hilo lilimwogopesha kuliko kilio.

"Dada," alianza kabla hajapoteza ujasiri, "zile mbao. Aliniambia bado. Mimi ndiye niliyesema tushuke. Nimeshamweleza mkaguzi wa usalama kazini hivyohivyo, na wewe usisikie kwa mtu mwingine."

"Najua," alisema dada. "Aliniambia jana jioni. Akasema nisikugusie mpaka nione kama utasema mwenyewe."

Parapanda aliufunika uso kwa mikono iliyofungwa bandeji.

"Sijakusamehe, Kaka. Usiniombe leo, wala wiki hii. Lakini kaburini utasema wewe."

"Sistahili."

"Kwani nimekuuliza kama unastahili? Kuna kitu ulimwambia kule chini kuhusu baba yake. Alinisimulia akilia, yeye ambaye sijawahi kumwona akilia. Hicho ndicho utakachosema, mbele ya watu walewale waliokusikia siku ile." Akainuka, akarudisha kiti pale alipokitoa, akaondoka.

Walimzika Jumamosi, ubavuni kwa baba yake. Parapanda alisimama kwa magongo mawili, mguu umefungwa plasta mpaka pajani. Sauti yake ya kawaida haikutoka, na waliokuwa nyuma ilibidi wasogee.

"Miaka mitatu iliyopita nilisimama hapa nikamzika mzee huyu bila tumaini," alisema, akielekeza gongo kwenye kaburi la zamani. "Nilimdhulumu, na nilimdhulumu mwanawe. Sikupewa funguo za huko. Nilipewa habari tu: kwamba kuna mmoja aliyelala kaburini akatoka, na kwamba yeye ndiye atakayewaita hawa. Nimekaa chini ya udongo na mume wa dada yangu. Niliogopa sana. Bado naogopa. Lakini habari ile niliikuta kulekule chini, haikunikimbia. Nawangoja wote wawili, huyu na baba yake. Sina hakika ya jingine, ila aliyeahidi namwamini."

Hakuongeza neno. Baadhi ya waombolezaji walitazamana, wakingoja ile sehemu ya parapanda waliyoizoea. Wengine walianza kuchota udongo. Gongo moja liliteleza kwenye tope, akayumba. Dada yake alikuja akasimama upande wa ule mguu mbovu. Hakumshika mkono wala hakumtazama, lakini alisimama karibu kiasi cha kumdaka akianguka, na akakaa hapo mpaka mabeleshi yalipotulia.