Kazi Tatu Zisizo na Undugu

Haya aliniambia mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili, mchana ule alioingia kwangu amekumbatia sanduku la kioo kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Aliyaanza mlangoni hata hajavua viatu, na mengine wakayamalizia wenzake wawili waliokuwa nyuma yake na masanduku yao. Basi nikikosea mahali, lawama tugawane wote wanne.

Mjukuu wangu anasoma konokono. Niliposikia mara ya kwanza nilidhani ananitania, maana babu yake marehemu aliwatoa konokono bustanini maisha yake yote na hakuna aliyempa shahada. Lakini ndivyo. Chuo kikuu kilimpokea achunguze jinsi konokono anavyoziba gamba lake likipasuka. Anawafuga kwenye masanduku ya kioo, anawalisha majani na maganda ya mayai yaliyosagwa, na alikuwa amewafuga mpaka wamezaa, na watoto wao wakazaa. Anachotaka kujua ni kimoja tu: konokono aliyewahi kuvunjikiwa na gamba, je, kizazi chake huzaliwa na gamba nene zaidi? Jibu wanalo wale wajukuu, na wajukuu walikuwa bado wachanga, gamba laini kama ukucha wa mtoto wa juzi. Wakifa hao, kazi yote imekwenda na maji. Hilo lishike, maana ndilo lililomkondesha.

Chumba alichofanyia kazi hakikuwa chake peke yake. Kilikuwa stoo ya viti vibovu mwisho wa korido, ukutani bado pana alama za migongo ya viti, na humo walitiwa watu watatu ambao hakuna idara iliyojua pa kuwaweka.

Wa pili ni mwanamke wa makamo, mwanahistoria, wanamwita Mama Makufuli. Anakusanya makufuli ya zamani na kuyatundika kwenye misumari, kisha anawatafuta wazee na kuwauliza: kwenu mlianza lini kulifunga jiko kwa kufuli, na ufunguo ulikaa kwa nani? Si mlango wa nyumba. Jiko.

Wa tatu ni mwalimu wa hesabu, mrefu, shati lake huchomekwa upande mmoja tu, upande wa pili huachiwa Mungu. Huyo ni Bwana Foleni. Anapiga hesabu za watu wanaosubiri: nani atakata tamaa aondoke, nani atahamia mstari wa pili, na kwa nini ukihamia, ule uliouacha ndio unaoanza kutembea. Ukienda naye hospitali atakupisha mbele, wala usimshukuru. Hajaja kutibiwa.

Watatu hao walijiwekea desturi yao. Kila Ijumaa jioni, kabla ya kufunga mlango, hakuna aliyeruhusiwa kueleza kazi yake mwenyewe. Kila mtu alisimama akaeleza kazi ya mwenzake, na mwenye kazi alinyamaza mpaka mwisho. Kazi ikielezwa ovyo, kosa ni la mwenyewe, hakujieleza akaeleweka, na yeye ndiye wa kuosha vikombe. Siku za mwanzo Bwana Foleni alieleza makufuli kwa mbwembwe zote, akasema watu walifunga majiko kwa kuogopa wezi. Mama Makufuli akaosha vikombe huku amenuna, kisha akagundua kwamba katika kurasa zake zote hakuwa amesema kinagaubaga walikuwa wakiogopa nini. Akarudi kwa wazee kuuliza upya.

Basi akaja Mkuu mpya wa Utafiti. Mjukuu wangu alisema si mtu mbaya, na nilimwamini, kwa sababu siku hiyo alikuwa na hasira ya kutosha kusema vinginevyo. Mkuu aliingia, akatazama konokono, akatazama makufuli, akatazama ubao uliojaa namba, akauliza ni kitu gani kinachowaunganisha.

"Korido," Bwana Foleni akajibu.

Mkuu hakucheka. Aliwaeleza kwa upole kwamba chuo kimekuwa kama soko la mitumba, kila mtu na fungu lake, na waliomtuma wanataka kila chumba kiwe na utafiti mmoja wenye jina moja. Watafute jina litakalozikusanya kazi zote tatu, walilete mbele ya kamati. Wasipolipata, chumba kitageuzwa cha mikutano, na kazi isiyo na pa kukaa itafungwa. Alipokuwa akisema hivyo macho yake yalikuwa kwenye masanduku ya konokono, maana makufuli yanaingia kwenye kikapu, na hesabu zinaingia kichwani, lakini konokono wanataka joto, giza na unyevu, wala hawawezi kulelewa koridoni.

Jina alilipata Bwana Foleni asubuhi moja tu, mswaki bado mdomoni: Kinga na Subira katika Viumbe na Jamii. Konokono anajikinga kwa gamba, mtu anajikinga kwa kufuli, na foleni ni subira yenyewe. Walicheka mpaka Mama Makufuli akatafuta kiti. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu wote waliona kwamba litapita. Mjukuu wangu alisema yeye ndiye aliyefurahi kuliko wote. Alikwenda kuwapulizia konokono maji akiwa anaimba.

Wakaanza kuandika kwa pamoja. Ya konokono ikaingia, ingawa kwa kusukumwa kidogo. Ya foleni ikaingia, maana hesabu haina haya. Ilipofika zamu ya makufuli, Mama Makufuli alikaa na kalamu mkononi mpaka chai ikapoa. Wazee aliowarudia walikuwa wamemwambia jambo jingine kabisa. Kufuli lilitundikwa jikoni pale mtoto wa kiume alipooa. Ufunguo ulikaa kiunoni kwa mama mkwe. Hakukuwa na mwizi popote. Lilikuwa la kumzuia mke wa mwana asile bila kuomba.

"Nikiandika kinga," akasema, "nimewaita wale wanawake wezi. Wao walikuwa na njaa tu."

Bwana Foleni akasema labda waandike kinga ya chakula. Mama Makufuli akamwuliza, chakula hukingwa dhidi ya mtu wa nyumba hiyo hiyo? Bwana Foleni akajikuna kichwa. Mwisho yule mama akavuta karatasi karibu, akasema ataandika tu, konokono hawana kosa. Akaandika. Mjukuu wangu alimwangalia akiandika, na aliniambia kwamba tangu saa ile kila alipofunua kisanduku aliona kama amewalisha wale wadudu kitu cha kuiba.

Siku ya kamati ikaangukia Ijumaa. Meza ndefu, chupa za maji, pangaboi lililokuwa likilia kama mtu anayelalamika usingizini. Mkuu kati, maprofesa kulia na kushoto, na pembeni profesa mmoja bibi mwenye miwani ya kamba. Mkuu akasema tuanze na konokono, mwenyewe asimame.

Akasimama Bwana Foleni. Hakukusudia. Ilikuwa Ijumaa, wametajiwa konokono, miguu ikanyanyuka yenyewe kwa mazoea. Akaeleza vizuri ajabu, mpaka jinsi kiraka cha gamba kinavyotokea kwa ndani na kisivyofanana rangi na gamba la zamani, wala neno kinga hakulitaja hata mara moja, alilisahau. Kamati ikatikisa vichwa kwa kuridhika. Mkuu akasema sasa makufuli, na mjukuu wangu akajikuta yuko wima.

Hapo ndipo alipotambua kosa lao: mazoea ya Ijumaa yamemsimamisha kila mtu kwa kazi ya mwenzake. Angeweza kukaa, aombe radhi, Mama Makufuli asimame aseme uongo wake mwenyewe kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini Ijumaa walikuwa na sheria yao: ukieleza kazi ya mwenzako unaieleza ilivyo. Basi akaieleza ilivyo. Akasema mama mkwe, akasema ufunguo, akasema njaa.

Yule profesa bibi akavua miwani. "Na kinga iko wapi hapo, mwanangu?"

"Haipo, mama."

"Imeandikwa kwenye jina."

"Jina tulilitunga ili tusifukuzwe," mjukuu wangu akasema. "Kazi hizi hazina undugu. Konokono hamjui mama mkwe, na foleni haimjui konokono. Mkitaka tuziozeshe tutaziozesha, lakini mmoja wao lazima aseme uongo siku ya harusi, na mimi sitaki awe huyu mama."

Profesa mmoja mnene aliyekuwa ameshapotea njia akainama mbele, akamwuliza Bwana Foleni kama si yeye wa konokono. Bwana Foleni akajibu kwamba yeye ni wa foleni. Wa konokono ni huyu aliyesema makufuli. Na wa makufuli? Ni yule pale aliyekaa kimya. Yule mnene akajiegemeza nyuma, akanywa maji.

Mkuu akamgeukia mjukuu wangu, sauti chini. "Binti, unajua unachokikataa?"

"Najua. Nimewalisha asubuhi."

"Kama hamna undugu, mnakaa pamoja kwa faida gani?"

Aliyejibu alikuwa Mama Makufuli, bila kusimama. "Kwenye idara yangu kila mtu hutikisa kichwa kukubali kabla sijamaliza sentensi. Mle ndani hakuna anayejidai amenielewa. Nikisema upuuzi, huyu mtu wa hesabu ananiuliza. Niunganishe naye, tuwe kitu kimoja, naye ataanza kutikisa kichwa."

Wakatolewa nje wasubiri. Waliposikia sauti ndani zinapanda, Bwana Foleni akaanza kuhesabu mara ngapi mlango unaguswa bila kufunguliwa, na mjukuu wangu akamwambia leo tafadhali, mzee, leo acha. Akaacha. Mjukuu wangu alisema hapo ndipo alipojua kwamba hata yeye anaogopa.

Mkuu alitoka mwenyewe. Akawaambia kwamba profesa bibi amekuwa mwamba, hakuyumba. Kazi zitabaki tatu, kila moja na jina lake, na hakuna itakayolazimishwa kuitwa kinga. Lakini chumba kimekwenda, hilo limepita. Mwenye pa kufanyia kazi aendelee. Asiye na pahali ifikapo Jumatatu, kazi yake itafungwa. Akasimama kidogo, akaongeza kwamba lile jina la pamoja bado liko mezani, wakilitaka wanaweza kurudi ndani sasa hivi na chumba kitabaki chao.

Bwana Foleni na Mama Makufuli walikuwa na pa kwenda. Wakamtazama mwenye konokono.

Mjukuu wangu aliniambia kwamba aliwaona wale wachanga wake machoni, mmoja mmoja. Akaona pia ile kalamu ya Mama Makufuli ikivutwa karibu.

"Nisaidieni kubeba," akasema.

Mkuu akarudi ndani akafunga mlango taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Wakayafunika masanduku kwa mataulo yaliyolowekwa, wakayatoa mawili mawili. Mlinzi wa geti akauliza humo mna nini. "Wajukuu," mjukuu wangu akamjibu, na mlinzi akafunua, akafunika, akawapungia wapite haraka. Dereva wa gari dogo walilokodi akalalamika njia nzima kwamba kiti kitanuka. Mama Makufuli akamwambia wanaonuka ni abiria wake, konokono ni wasafi. Na ndivyo walivyofika kwangu, bila kupiga hodi vizuri.

"Bibi," mjukuu wangu akasema, "kile chumba cha nyuma kina joto?"

Nikamwambia joto limo, na giza limo, na magunia matupu yamo, lakini nijue kwanza: hawa wageni wake watakula mboga zangu? Akasema watakula, mke mwenzangu, tena nyingi. Nikasema basi aliyewaleta ndiye atakayepanda nyingine. Tukatoa magunia. Bwana Foleni akauegemeza ukutani ubao wake aliokuja nao, akauliza kama naye anaweza kuja siku moja moja, na Mama Makufuli akawa ameshapata msumari wa kutundika makufuli yake kabla hajaomba ruhusa. Hata maji ya kunywa hakuwa ameyapokea, akaniuliza kwetu jiko lilifungwa tangu lini.

"Mimi nilifungiwa," nikamwambia. "Kaa chini nikueleze."

Nilikuwa katikati ya maelezo simu ya mjukuu wangu ilipolia. Alikuwa Mkuu. Nilisikia upande mmoja tu, na upande huo ulinitosha. Pahali pamepatikana, akasema. Ndiyo, mkuu, mwaweza kuja kukagua, lakini mvue viatu. La, si utafiti wa pamoja. Akasikiliza kidogo, akavuta pumzi. "Andika konokono," akasema. "Konokono peke yao."

Akaizima simu, akaiweka juu ya gunia. Bwana Foleni alikuwa ameshalala kwenye kiti, kichwa nyuma, mdomo wazi. Mama Makufuli alijilaza kwenye mkeka akisema anapumzisha mgongo tu, nami nikaendelea kumsimulia mpaka nikaona nausimulia ukuta. Mjukuu wangu akapita sanduku kwa sanduku, akainua kila taulo. Wale wachanga walikuwa wameanza kutoa pembe. Hakuna aliyekufa. Akakaa sakafuni katikati yao, akalaza shavu juu ya gunia, akaniomba nisifungue dirisha, mwanga utawaunguza. Nikamwuliza kama atakula kwanza au baadaye. Jua lilikuwa bado juu, watoto wa jirani wanapiga kelele nje, na yeye alikuwa ameshalala.