Kivuli Chenye Nishani

Saa moja na nusu asubuhi Kimya alifika kazini na kopo lake la chai, akapita chini ya mlango wa chuma uliokuwa umeshikiliwa na kivuli chake, akakiamkia, kisha akaingia kunawa mikono. Kivuli hakikuitikia. Hakikuwa na mazoea ya kuitikia, na yeye mwenyewe hakuwa msemaji, kwa hiyo walielewana.

Kiwanda cha mikate kilikuwa kidogo: oveni mbili, meza ndefu ya kukandia unga, rafu za kupozea mikate, na mlango mmoja tu. Mlango huo ulikuwa wa ile aina inayopandishwa ikajikunja juu kama mkeka. Springi yake ilikatika zamani, kabla Kimya hajaajiriwa. Bosi aliagiza uegemezwe kwa boriti mpaka fundi apatikane, na fundi hakutafutwa. Wafanyakazi walizoea kuikwepa ile boriti kila wakipita na masinia, kama watu wanavyomkwepa mgeni aliyelala sebuleni.

Wiki tatu nyuma, saa kumi alasiri, mpira wa gesi wa oveni ya pili ulipasuka na moto ukashika magunia. Watu wakakimbilia mlangoni. Wa kwanza kufika aliipiga boriti kikumbo, boriti ikaanguka na mlango ukaanza kushuka. Kimya alikuwa pale karibu akifagia. Akatupa ufagio, akaupokea mlango kwa mikono na mabega. Watu kumi na mmoja walipita chini ya makwapa yake, wengine wakitambaa. Wa mwisho alikuwa fundi wa oveni, mtu mnene waliyemwita Hamira kwa sababu ukimsifu kidogo tu anaumuka. Hamira alikwama.

"Kaka, toa pumzi," Kimya alimwambia.

Hamira akatoa pumzi yote aliyokuwa nayo, akapita.

Kimya alipojitoa mwenyewe, mlango haukuanguka. Zimamoto waliukuta wazi, wakaingia, wakazima moto, na moshi ulipotulia wakakiona kivuli cha Kimya kimesimama palepale, mikono juu, mabega yameinama. Askari mmoja aliuzungusha mpira wa maji kwa mbali ili asikiloweshe.

Tangu siku hiyo Kimya alitembea bila kivuli. Mama yake mdogo, aliyekuwa akiishi naye, ndiye aliyegundua, walipokuwa wanaanika nguo uani.

"Kivuli chako kiko wapi?"

"Kazini, mama."

"Mpaka saa hizi?"

"Kimeshika mlango."

"Haya. Na wewe ulivyo mpole, hutawaambia wakiachie." Akang'ata kibanio, akaendelea kuanika.

Shida ilikuwa mabega. Kila jioni yalimuuma Kimya kana kwamba bado yuko mlangoni, kwa sababu kwa namna fulani alikuwa bado yuko. Akikaa kula, anainama. Akilala, anaota chuma. Dawa aliijua, na haikuuzwa hospitali. Mlango ukiwekewa springi, kivuli kitashusha mikono na kurudi nyumbani. Alijipa moyo siku mbili, ya tatu akaenda kwa bosi.

"Mlango unafunguka?" bosi aliuliza.

"Unafunguka."

"Unaanguka?"

"Hapana, bosi."

"Sasa springi ya nini?"

Badala yake bosi aliagiza taa ya mlangoni iwe inawaka saa zote, kivuli kisije kikapotea. Siku za mawingu mazito mlango ulishuka kidogo na watu wakainama. Siku za jua kali ulikaa juu kabisa, hata Hamira akapita na kofia yake.

Hamira hakuwa mtu wa kusahau wema. Aliandika barua kwa Idara ya Nishani, ile inayowatunuku watu wa kawaida waliookoa wenzao, akawasomea wenzake mara nne wakiwa wanakunja mikate. Jumatano iliyofuata akaja Afisa wa Nishani, mwanamume mtaratibu mwenye kalamu tatu mfukoni na fomu ya kurasa sita. Alimtazama Kimya, akakitazama kivuli, akatoa futi ya kupimia, akakipima kivuli urefu na kuandika.

"Kati yenu wawili, nani alishika mlango?"

"Tulishika wote," Kimya alisema. "Mimi nikaondoka."

"Hiki kikabaki."

"Kikabaki."

Afisa aliandika hilo pia. Alipofika swali la saba, chanzo cha hatari, bosi aliyekuwa amesimama pembeni alimjibia kabla hajamaliza kulisoma.

"Moto."

"Na springi," Kimya alisema, akitazama sakafu.

Meza nzima iliacha kukanda. Wengine walikuwa hawajawahi kumsikia akisema jambo mbele ya bosi bila kuulizwa.

"Springi gani, dada?"

"Ya mlango. Imekatika. Moto ulikuwa nyuma yetu, mheshimiwa. Mbele kulikuwa na mlango."

Afisa alibadilisha kalamu. Hakuwa mtu mbaya, na alieleza taratibu ili aeleweke. "Nikiandika moto, fomu inakaa mezani kwangu, na mwezi ujao unavaa nishani. Nikiandika springi, inapanda ghorofa ya nne kwa wakaguzi. Nimefanya kazi jengo lile miaka kumi na tisa. Sijaona fomu ikishuka kutoka ghorofa ya nne."

"Lifti mbovu?" Hamira aliuliza.

"Lifti nzima."

Kimya alijifuta unga mikononi, kidole kimoja kimoja. Nishani aliitaka. Alikuwa ameshajiona nayo, kwenye gauni la bluu, mama mdogo akiwaonyesha majirani. Lakini kutoka pale alipokaa alikiona kivuli chake, na goti la kushoto la kivuli hicho lilikuwa linatetemeka.

"Andika springi."

"Dada yangu," Hamira akamnong'oneza, "mimi nimeshapeleka suti kwa fundi inapanuliwa."

"Andika springi, mheshimiwa."

Afisa akaandika kwa herufi ndogo, akafunga faili. Bosi alimsindikiza hadi kwenye gari akimweleza habari nyingine kabisa. Jioni hiyo mabega ya Kimya yalimuuma nusu ya siku zote, na alikula sahani mbili.

Fomu ilishuka. Ilichukua siku tisa tu, na afisa mwenyewe aliileta mkononi kama mtu aliyebeba kifaranga. Kimya aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Nishani imekubaliwa. Kwenye swali la saba palikuwa pamepakwa ule wino mweupe wa kufutia, na juu yake pakaandikwa moto. Ukiinua karatasi kwenye mwanga, springi ilionekana chini yake vizuri, hadi nukta.

"Walijadili," afisa alisema. "Mzee mmoja wa ghorofa ya nne aliuliza, kama springi ni mbovu, mbona mlango hauanguki? Ndipo wakaagiza wino mweupe."

Sherehe ilifanyika Ijumaa mbele ya kiwanda, chini ya turubai, viti vya plastiki vimepangwa kumtazama yule aliyeshika mlango. Suti ya Hamira ilikuwa imepanuliwa kiasi cha kutosha watu wawili. Mama mdogo alikaa mstari wa mbele na mkoba magotini. Bosi alitoa hotuba akiwa chini ya mlango, akawashukuru wafanyakazi kwa moyo wa kujitolea, akasema kiwanda chake kimekuwa mfano. Aliongea vizuri. Mara mbili alilazimika kuinama, maana wingu lilipita.

Afisa alifungua kisanduku. Nishani ilikuwa ya rangi ya shaba, na utepe wa kijani. Akasimama nayo katikati ya Kimya na kivuli, hajui aelekee wapi, kwa kuwa kanuni zilitaka avalishwe aliyetenda.

"Kivike hicho," Kimya alimwambia. "Mimi niliondoka."

Pini iliingia kifuani mwa kivuli kwa urahisi, kama kidole kwenye unga uliochachuka. Kivuli kilinyoosha mabega. Mlango ukapanda vidole viwili. Watu wakapiga makofi na mama mdogo akapiga vigelegele vya muda mrefu hivi kwamba mpiga picha alimsubiri amalize.

Soda zilipogawiwa, Kimya alimfuata bosi na chupa yake ambayo hajaifungua.

"Bosi, sasa kimetunukiwa. Mlango uwekewe springi, kipumzike."

"Springi?" Bosi alionekana ameguswa kwa dhati. "Mlango huu una nishani ya serikali. Nikiugusa nitaulizwa."

Afisa alikuwa karibu. Akathibitisha kwa huzuni kwamba mahali palipotendeka ushujaa hapabadilishwi bila kibali, na kibali kinatoka ghorofa ya nne. Akamfungulia Kimya soda yake, kwa kuwa alikuwa na kifungulio kwenye funguo.

Kuanzia jioni hiyo mabega yalimuuma kama zamani, na uzito wa nishani juu yake.

Jumatatu Hamira alimkuta stoo akijipaka mafuta ya kuchua.

"Mabega?"

"Mlango."

Hamira alirudi kwenye oveni akiwaza. Mikate ya awamu ya kwanza aliiunguza. Awamu ya pili ilipoingia motoni aliwaita wale kumi waliopita kwenye kwapa, wakasimama nyuma ya rafu, na mazungumzo yao yalikuwa mafupi.

"Kivuli changu kina nguvu alasiri," alisema Hamira. "Saa sita hakifai kitu, kinakuwa kama chapati miguuni."

"Saa sita tuwekeni sisi wawili," alisema mfungaji mikate, akimaanisha yeye na pacha wake. "Mmoja atapanda mabegani mwa mwenzake."

"Na mimi mwembamba?" mwosha masinia aliuliza.

"Wewe njoo saa kumi na mbili jioni. Saa hiyo hata kijiko kina kivuli kirefu."

Waliandika ratiba kwenye karatasi ya mfuko wa unga, wakaibandika juu ya sinki. Jina la Kimya waliliweka mara moja tu kwa wiki, Jumatatu saa mbili asubuhi, na hilo ni kwa sababu yeye mwenyewe aligoma kuachwa.

Jumamosi alasiri Hamira alienda mlangoni. Akasimama bega kwa bega na kivuli cha Kimya, akanyanyua mikono, akahesabu hadi kumi, kisha akajivuta nyuma polepole kama mtu anayetoa miguu kwenye gambuti zilizonasa tope. Kivuli chake kilibaki pale, kipana, kimejaza nusu ya mlango. Kivuli cha Kimya kilivua nishani, kikamvika mwenzake. Hamira alitazama akaumuka mpaka kifungo cha shati kikaruka kikaingia kwenye unga, na ikabidi wauchekeche upya.

Bosi aliiona ratiba alipokuja kunawa. Aliisoma yote, akatoa kalamu, akaisaini kwa chini. Wiki iliyofuata tangazo la kazi lilibandikwa getini: waombaji waje na picha mbili, barua ya serikali ya mtaa, na kivuli kwa ajili ya kupimwa.

Lakini Jumamosi hiyo Kimya alikuwa anakwenda nyumbani. "Twende," alikiambia kivuli chake, nacho kikamfuata, kikichechemea kidogo goti la kushoto. Kilikuwa kimezoea sana. Mtaa mzima kilitembea na mikono juu. Muuza magazeti akadhani Kimya anamsalimia kwa furaha, akampungia. Mwenye duka la vitambaa akapunga. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji wakapunga wote, na Kimya, ambaye kwa kawaida alipita hapo ameinamisha kichwa, ilibidi naye anyanyue mkono awapungie.

Mama mdogo alikuwa mlangoni akichambua mchele. Alikitazama kivuli kutoka miguuni hadi kwenye vidole.

"Karibu nyumbani, mwanangu. Shusha mikono, mlango huu ni wa mbao."

Kivuli kiliutazama mlango, kikautazama tena. Kikashusha mkono mmoja. Wa pili kikauacha juu, kwa tahadhari, kikaingia nao hivyohivyo.