Kaski za Masikio kwa Kichwa cha Kamaldine

Mama Subira alinipa mpaka Ijumaa niinyamazishe mashine yangu ya michezo. Nyumba ninamochezesha watu mpira wa kubonyeza kwenye televisheni, hapa Kasongo, ni yake, na nyuma ya ukuta wangu wa mbao, barazani, ndipo anapowafundisha watoto Kurani. Mtoto mmoja alisoma herufi zote vizuri, alifu mpaka yee, halafu akamalizia na sauti ya mtangazaji wa mashine yangu: "Na but," yaani goli. Wenzake wamezoeshwa kurudia mara tatu kila wanachosomewa. Wakarudia mara tatu.

"Théophile, mwanangu," akaniambia, "nikisikia tena ile mashine yako, utaenda kuchezesha watu kule mtoni Lualaba. Viboko hawana masomo."

Basi nikatafuta kaski za masikio, zile za kuvaa kichwani ili sauti uisikie peke yako. Nikamchukua Kamaldine, mteja wangu anayekaa mbele ya mchezo tangu adhuhuri mpaka laasiri bila kunywa hata maji. Ana kichwa kikubwa, miwani, na kofia asiyoivua. Kitakachokaa vema pale, nikawaza, kitakaa popote.

Ayoubu, muuza redio sokoni, alikuwa na namna tatu.

"Usimupe dakika mbili," akanionya. "Dakika mbili, hata kiatu cha mutoto unakivumilia. Umuache akae nazo."

Tukamketisha juu ya kreti, rumba ikimwimbia masikioni, sisi tukila karanga.

Za kwanza zilikuwa na ngozi ya plastiki. Zikamkandamizia miwani kwenye mifupa, na kabla ya nusu saa jasho lilishafika kidevuni.

"Niko naiva," akasema.

Za pili zilikuwa za kitambaa laini, na mgongoni zina vitundu kama chujio. Kamaldine akafumba macho. "Hizi, yaya," akaniita kama kaka mkubwa. "Upepo unapita."

Nilishaanza kushukuru. Ayoubu akacheka, akaniambia nirudi nyuma hatua tano. Nikasikia gitaa lote, hata mwimbaji akivuta pumzi.

"Upepo unapita, na wimbo unapita," akasema. "Unataka Mama Subira acheze?"

Za tatu zilizibwa nyuma kabisa. Sponji yake nene, iliyovikwa kitambaa, ilizunguka sikio zima bila kulilalia, na miwani ikapumua. Baada ya saa nzima tulimwita Kamaldine; hakugeuka. Nikamwambia ana kichwa kama mtungi wa pombe. Akatabasamu, akidhani namsifu. Tukachukua jozi mbili.

Ijumaa, baada ya swala, nikafungua. Wachezaji wakavaa kaski, mashine kimya. Nikatega sikio ukutani: watoto wanasoma, hakuna mtangazaji. Nikaanza kujiona mtu mwenye akili. Ndipo Kamaldine akafunga but, na mtu asiyesikia sauti yake hajui kama anapiga kelele.

"Nimemuua, mama yangu, nimemuua."

Nyuma ya mbao, sauti ishirini nyembamba: "Nimemuua, mama yangu, nimemuua."

Mama Subira akaingia akikaza kikwembe chake kiunoni. Nikamvisha kaski juu ya mtandio, nikamwekea kaswida. Akasimama nazo. Akaketi nazo. Uso ukalegea. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kuita pirogi, mtumbwi ulioko ng'ambo ya mto: "Théophile, hii kitu iko laini kama pamba."

"Théophile, hii kitu iko laini kama pamba," wakasoma watoto.

Hakusikia. Kamaldine akamwonyesha ukuta kwa kidole. Mama akafunua sikio moja watoto wakiingia mara ya tatu, kwa nidhamu nzuri kabisa, na wa mwisho akivuta ile "pamba" kama mwisho wa aya.

Akacheka mpaka akashika meza.

"Kaski haina kosa," akasema. "Kosa iko mu kinywa. Utabaki. Lakini mwenye kupiga kelele humu ndani atatoka, atakaa barazani na watoto mpaka somo liishe."

Kamaldine alitoroka chuo cha Kurani akiwa na miaka tisa. Juma hili, kwa kelele zake, amefika sura ya nne, na watoto ndio wanaomsahihisha.