Sitini na Moja za Baba

Kamati ya kupandisha vyeo haikutaka maneno mengi, ilitaka mia tatu. Yaani makala za daktari ziwe zimenukuliwa na watafiti wenzake mara mia tatu, ndipo aitwe profesa. Miaka ishirini ya kuwasikiliza wagonjwa wa akili iishie kwenye tarakimu. Ndiyo dunia ya wasomi hiyo, usiniulize mimi.

Jumatatu asubuhi daktari alifungua ukurasa wake mtandaoni, ule unaohesabu nukuu. Mia tatu na kumi na mbili! Alipiga kigelegele peke yake ofisini, mpaka katibu muhtasi wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Kisha akaipitia orodha, akakwama. Makala moja hakuiandika yeye. Ilihusu faida ya mgonjwa kutembelewa na ndugu wodini, na ilipochapishwa yeye alikuwa darasa la tatu.

Ilikuwa ya baba yake. Herufi ya kwanza ya jina ile ile, ukoo ule ule, fani ile ile. Kompyuta ikawafanya mtu mmoja. Mzee alikuwa muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili. Miaka mitatu aliandika kwa penseli daftarini nani katembelewa, nani hakutembelewa, na nani alirudi nyumbani mapema. Madaktari walimcheka. Makala ikatoka, kukawa kimya. Tangu hapo husema, "Niliwaandikia walimwengu barua moja, hawakujibu." Hucheka akisema hivyo, lakini binti yake anakijua kile kicheko.

Kumbe walijibu, mara sitini na moja.

Daktari akapiga hesabu. Akimtoa baba, anabaki na mia mbili hamsini na moja. Kamati inakaa Alhamisi, na akikosa safari hii ni mpaka miaka mitatu. Nani angejua? Mzee mwenyewe angemwachia kwa moyo mkunjufu, na hilo ndilo lililomchoma. Aliinuka mara mbili kwenda kufunga mlango uliokwisha kufungwa. Halafu akabonyeza: hii si yangu.

Akamfungulia baba yake ukurasa wa peke yake, akachapa orodha ya wote waliomnukuu.

Jioni alimkuta mzee sebuleni akihangaika na redio.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Uprofesa tayari?"

"Bado. Nimepungukiwa. Hebu vaa miwani kwanza."

Mzee aliisoma ile orodha, kidole kikifuata mstari. Alipofika ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza.

"Hawa wote wameisoma ile yangu?"

"Wote, baba."

"Sitini na moja, na hakuna hata mmoja aliyepita kunisalimu!" Akacheka mpaka miwani ikamwanguka, akafuta macho kwa kiganja. Akaendelea kusoma hadi mwisho. Akageuza karatasi, akatazama nyuma.

"Mbona wewe humu sikuoni?"

Makala thelathini na nne daktari ameandika, na hakuna hata moja alimomtaja baba yake. Na yeye pia aliiona ile kazi ni ya muuguzi tu. Aibu ilimshika, machozi yakamtoka waziwazi.

"Nisamehe, baba."

"Aa, acha bwana. Nipe penseli."

Akaandika chini ya ukurasa, kwa mwandiko ule ule wa daftari la wodini: *Sitini na mbili. Mwanangu. Kaja mwenyewe.*