Dona la Bi Maftaha

Kijijini Tingi hakuna aliyempata mama mkwe wangu, Bi Maftaha, kwa unga mweupe. Mahindi aliyakoboa kwenye kinu, akapepeta pumba zote, akayaloweka mpaka yakachachuka, akayaosha na kuyatwanga upya. Ugali wake ukipakuliwa, kanzu ya Idi haifui dafu. Nilipoolewa na mwanawe, Nassibu, nilifundishwa kazi hiyo kabla hata sijaonyeshwa choo, nami nikairingia. Pumba tuliwamwagia kuku.

Kisha miguu ya Nassibu ikaanza kuwaka moto akilala. Baadaye ikaacha kuwaka, ikafa ganzi, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikuwa akipoteza ndala njiani asijue. Watu wakasema amekanyaga alichotegewa shambani. Jioni moja alikuja jikoni kunieleza mikorosho ilivyotoa maua, nikasikia harufu ya nyama inayoungua, na nyama hatukuwa nayo. Alikuwa amekanyaga kaa la moto, na bado anaongea.

Kulipokucha nilimpakia kwenye bodaboda mpaka hospitali, Kilwa Masoko. Daktari alikuwa binti aitwaye Antonia. Alimwamkia Nassibu, akampima sukari akaikuta sawa, akampitishia pamba kwenye nyayo, kisha akaniuliza mimi tunakula nini. Nikamjibu kwa maringo kwamba kwetu ni ugali mweupe kuliko wa mtu yeyote, na mchuzi wa nyanya. Samaki ni siku ya wageni.

"Na pumba mnapeleka wapi, mama?"

"Kwa kuku."

"Kuku wanaendeleaje?"

"Wanang'aa manyoya."

"Basi vitamini B wanakula wao," akasema.

Akatueleza kwamba vitamini B ziko nyingi, kama ndugu wa tumbo moja, na kila moja ina kazi yake: kuugeuza mlo kuwa nguvu, kutengeneza damu, kulinda mishipa ya fahamu. Nyingi kati yake hazikai mwilini muda mrefu, lazima zirudi kila siku na chakula. Akampa Nassibu vidonge, akataka ale dona, kunde, karanga, mayai na samaki. Mishipa hupona polepole, akasema, na pengine isipone yote. Nassibu aliitazama miguu yake kama ya mtu mwingine. Mkulima wa korosho asiyeweza kutembea ataishije?

Nyumbani nilisaga mahindi na pumba zake, nikasonga. Bi Maftaha akausukuma ugali ule kwa kidole.

"Dona ni chakula cha jela. Mwanangu kaiba nini?"

"Hajaiba kitu, mama. Lakini atakaa kitandani na unga wako mweupe mpaka afe."

Hakuna mtu Tingi aliyewahi kumjibu hivyo. Alinyanyuka, akaingia chumbani, akalala bila kula. Nilijua nimevuka mpaka, na sikujuta.

Asubuhi nilimkuta uani na ungo, anachambua mahindi punje kwa punje.

"Jana ulisaga na mabovu," akasema bila kuniangalia. "Tena hukuyakausha. Kama mwanangu atakula dona, atakula dona la Maftaha."

Akajitwika ndoo kichwani, akaenda mashineni kupanga foleni na wasichana, yeye aliyekuwa akiidharau mashine maisha yake yote. Dona lake lilinukia mpaka kwa majirani. Kunde akaziunga kwa nazi. Kuku walibaki kuparura mchanga, na mayai yao nayo tukawanyang'anya.

Msimu wa korosho ulipofika, Nassibu alikuwa anatembea, ila kwa woga, macho chini. Tulikuwa watatu chini ya mikorosho tunaokota, mara akapiga ukelele uliowarusha ndege. Ndala ilikuwa imemvuka, na mwiba umezama kwenye unyayo.

Nilitupa kikapu nikamkimbilia. Bi Maftaha alifika kabla yangu, akapiga magoti, akaushika ule mguu kwa mikono miwili.

"Unauma?"

"Unauma sana, mama. Utoe."

Alipiga kigelegele, nami nikampokea, machozi yananitoka. Jirani yetu Kondo akaita kutoka shamba la pili akiuliza kuna nini.

"Usiutoe kwanza, Sauda," mama mkwe wangu akaniambia. "Mwache apige kelele tena. Kondo hajasikia vizuri."