Hodi ya Josie

Katika Shule ya Msingi ya Pell Creek mgeni hapigi hodi kwa mdomo. Anasimama kwenye mlango wa mbele, anabonyeza kengele, anaitazama kamera, anataja jina lake na shida iliyomleta, ndipo Nadine wa ofisini amfungulie. Hata kama ni shemeji yake. Akishaingia anaonyesha leseni ya udereva na kubandikwa karatasi ya jina kifuani, na mwalimu yeyote akimkuta bila karatasi hiyo ana ruhusa ya kumrudisha alikotoka. Kanuni nzuri, huwezi kuitia dosari. Lakini Pell Creek ni mji mdogo wa Arkansas ambao watu wake wasipokuwa binamu ni majirani, na wasipokuwa majirani wanasali kanisa moja. Mlango wa jikoni kule nyuma, lori la maziwa linakoshushia mizigo, ulikuwa na sheria zake wenyewe. Ukigonga na mpishi akakujua, unaingia. Na mpishi alimjua kila mtu.

Basi asubuhi moja ya Novemba, msimu wa kuwinda kulungu ukiwa umefunguliwa, mzee Virgil Stamps alipita kwa mlango huo. Alikuwa na nguo zake za mabaka za mawindoni, kwa kuwa Novemba havai nyingine hata kanisani, na begani alining'iniza mfuko mrefu wa turubai. Ndani yake mlikuwa na fimbo za kuvulia samaki, alizomwahidi mjukuu wake wa darasa la pili kwamba atakuja kuwaonyesha wenzake. Mpishi alimpa mkate wa moto na mchuzi wa soseji, wakasengenya kidogo, akamwambia apite. Bahati mbaya aliyekutana naye koridoni alikuwa mwalimu wa muda, mtu wa kaunti nyingine, asiyemjua Virgil wala ukoo wake. Aliona mwanamume wa mabaka, kifuani hana karatasi ya jina, kabeba kitu kirefu. Akakimbilia ofisini, na nani atamlaumu?

Spika zikalia shule nzima. "Kufuli! Taa! Jificheni! Hili si zoezi. Narudia, hili si zoezi."

Loretta Pruitt, mwalimu wa darasa la nne, alikuwa ubaoni akifundisha sehemu na desimali. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kwaya, na kwa miaka mingi ndiye aliyepewa kazi ya kuwafundisha walimu wapya mambo ya kujifungia mtu mwenye bunduki akiingia shuleni. Aliwatungia watoto hata wimbo. Kufuli, taa, tujifiche. Mlango ukifungwa haufunguki. Na kila mara walipomaliza kuimba aliwauliza, "Nikigonga mimi mwenyewe, mtafungua?" Nao wakapiga kelele, "Hapana, Bi Loretta!" "Akigonga mama yako?" "Hapana!" Wakicheka. Aliwaeleza sababu pia, maana hakupenda kuwaamrisha watoto kama mbuzi. Sauti mnayoijua, aliwaambia, huenda nyuma yake kuna mtu msiyemjua, amemshika.

Sasa alizima taa, akageuza ufunguo, akawasukuma watoto kwenye kona nyuma ya kabati la vitabu. Walikwenda kimya kama walivyofundishwa, na ukimya huo ndio uliomtisha zaidi. Akahesabu vichwa kwa kidole gizani. Akahesabu tena. Ndipo alipokumbuka kwamba Josie Kettner alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda chooni.

Hodi ikapigwa.

"Bi Loretta?"

Ilikuwa sauti ya Josie, hakuna wa kubisha. Sauti nyembamba ya mtoto anayejitahidi asilie. "Bi Loretta, ni mimi. Ni Josie."

Kwenye kona, Brantley, binamu yake Josie, aliinuka. Loretta alimvuta akamkalisha, akamziba mdomo kwa kiganja. Mtoto alimtazama juu ya kiganja kile kwa macho makubwa, na Loretta alihisi machozi yake ya moto yakimchuruzika vidoleni. Mlangoni, kugonga kwa kifundo cha kidole kuligeuka kuwa kwa kiganja. "Tafadhali. Nifungulieni. Mimi najua mmo ndani."

Hapa ndipo ilipo hatia ya Loretta Pruitt, na si pale watu walipodhani. Kutofungua, hilo ni kanuni, na kanuni ina wakubwa wake wa kuibeba. Lakini pale gizani, na watoto ishirini na mmoja wakiwa wamemng'ang'ania, Loretta aliomba dua. Na dua yake haikuwa kwamba Mungu amlinde Josie. Aliomba anyamaze. Anyamaze, Bwana, maana atatufichua. Aende akagonge kwingine. Aliomba hivyo kwa moyo wote, kama watu wanavyoomba kanisani siku ya ugonjwa, na dua ikajibiwa. Kugonga kulikoma.

Kisha kimya kirefu, ambacho ndani yake Loretta alimuua Josie kwa fikra mara nyingi asizoweza kuhesabu.

Naibu sherifu ndiye aliyewafungulia, kwa ufunguo wake mwenyewe. Alikuwa anacheka kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu kumpiga risasi mzee Virgil, mwalimu wake wa zamani wa shule ya Jumapili, kwa sababu ya fimbo za samaki. Josie walimkuta koridoni chini ya misumari ya kutundikia makoti, amejikunja, amejifunika koti la mtoto mwingine hadi kichwani. Hakuwa amelia kwa sauti. Hakuwa ametoa hata pumzi, alisema naibu, na akamsifu: "Huyu ni askari, huyu."

Loretta alimkumbatia. Josie alijiachia akumbatiwe, mikono yake ikining'inia tu.

Mji ulicheka kwa wiki nzima. Virgil aliletewa utani mpaka dukani: "Mzee, leo umebeba nini, tukajifiche?" Naye akajibu, "Nimebeba mkeo, anatoroka nami." Alikaanga kambare beseni zima, akalipeleka shuleni kuomba radhi, akabonyeza kengele ya mlango wa mbele na kuitajia kamera jina lake kamili pamoja na la babu yake. Mlango wa jikoni ukatiwa kufuli jipya. Mkuu wa shule, Bwana Teague, aliitisha kikao cha walimu, akamsimamisha Loretta mbele ya wote.

"Mmesikia wenyewe kilichotokea mlangoni kwa Loretta," alisema. "Mtoto wa darasa lake mwenyewe anagonga, na hakufungua. Hiyo ndiyo nidhamu ninayoitaka. Mngeweza nyinyi?"

Walimu walimpigia makofi. Mwalimu wa darasa la kwanza, kijana wa watu, alitokwa na machozi. Loretta alisimama pale akitabasamu, uso ukimwaka, akitamani sakafu impasukie.

Mama yake Josie, Kendra, hakumpa nafasi ya kupumua pia. Alifanya kazi kiwanda cha kuku, zamu ya alfajiri, na alimsubiri Loretta kwenye maegesho na sinia la viazi vilivyookwa kwa jibini, limefunikwa karatasi ya foili, kama watu wanavyopelekeana kukiwa na msiba.

"Usiseme kitu, Bi Loretta. Najua una maneno. Ungefungua, na angekuwa mtu mwenye bunduki kweli, watoto wa wenzangu je? Ningewatazamaje usoni?"

"Kendra, sikiliza kwanza..."

"Nimeshasikiliza. Josie mwenyewe amenieleza. Anasema ulifanya sawa." Akamtia sinia mikononi. "Bado ni vya moto, usiviache vipoe."

Ungemwambiaje mama wa namna hiyo? Kwamba nilimwombea mwanao aondoke? Loretta alivipeleka viazi nyumbani, akamsimulia mumewe Dwight yaliyotokea, kisha akamwambia na lile la dua. Dwight alifikiri, akatafuna, akasema, "Lakini hakuna aliyekufa, mama watoto." Alisema kwa wema. Loretta hakula viazi vile.

Kwa muda alijipoza kwamba mtoto yuko salama. Josie alinyoosha mkono darasani, alicheza kamba uwanjani, alipata alama zake. Kilichomshtua Loretta kilikuwa kitu kidogo cha mezani. Josie alikuwa mpenzi wa maziwa ya chokoleti. Siku za nyuma alibadilishana hata matufaha yake ili apate boksi la pili. Sasa boksi lake lilirudi likiwa halijafunguliwa. Akalirudisha kesho yake pia, na keshokutwa. Kwenye bomba la maji, wenzake walipopanga foleni baada ya michezo, yeye alijilowesha midomo tu. Na mchana, kabla kengele ya kwenda nyumbani haijalia, alikaa amebana miguu, uso umekakamaa, akiitazama saa ya ukutani.

Loretta alijua. Alijifanya hajui siku nyingine nzima, maana mwenye hatia huwa hapendi kuulizwa hata na yeye mwenyewe. Siku iliyofuata alimzuia Josie wakati wa mapumziko, wenzake wakitoka mbio.

"Josie, mpenzi. Mbona siku hizi hunywi maziwa?"

"Sina kiu, Bi Loretta."

"Josie."

Mtoto akaangalia viatu vyake. "Nikinywa nitataka kwenda chooni."

"Sasa chooni kuna nini? Unaogopa?"

"Siogopi." Alisema kwa haraka, kama aliyetukanwa. Kisha akaanza kulia, taratibu, bila kufuta. "Nitakuwa nje tena. Na ikitokea tena, nitagonga. Najua nitagonga, Bi Loretta, siwezi kujizuia. Nilijua wimbo wote lakini nikagonga. Na angekuwa mtu kweli angesikia, angewaua wote, Brantley na wote, kwa sababu yangu." Akavuta kamasi. "Naomba unisamehe. Nilikuwa sijakuomba msamaha."

Loretta alikuwa ameyapanga maneno yake tangu siku ile. Aliyapanga garini, aliyapanga akiosha vyombo, maneno mazuri ya mtu mzima anayeomba radhi kwa mtoto. Aliyaacha yote. Alikaa kwenye kiti kidogo cha mwanafunzi, magoti yakimfika kifuani, akamshika mikono.

"Hukukosea kitu. Umesikia? Mtoto akiogopa anagonga mlango wa mtu wake. Ndivyo milango ilivyo. Aliyekosea si wewe."

"Ni nani basi?"

"Mimi."

Josie alimtazama, akilipima jambo hilo kwa makini kama anavyopima hesabu. "Lakini hairuhusiwi kufungua."

"Hairuhusiwi."

"Nikigonga tena, utafungua?"

Kulikuwa na jibu la mwalimu na jibu la mama, na Loretta alikuwa na deni la yote mawili. Uongo mdogo tu ungetosha. Mtoto angekunywa maziwa yake. Loretta alifungua kinywa autoe, akawaona Brantley na wenzake dirishani, wanakimbizana kwenye baridi, akauacha.

"Sijui," alisema. "Mungu anisamehe, Josie, sijui."

Mtoto akatikisa kichwa, kukubali. Haikuonekana kumshangaza. Hata ilionekana kumpumzisha kidogo, labda kwa kuwa Bi Loretta ndiye mtu mzima wa kwanza aliyemwambia ukweli tangu siku ile. "Haya," alisema. Kisha, kwa aibu: "Naweza kwenda sasa? Nimebanwa sana."

"Nenda. Mlango nitauacha wazi."

"Hairuhusiwi."

"Nenda, nimesema."

Tangu hapo darasa la nne liliona jambo jipya. Kila Josie alipoomba ruhusa, Bi Loretta aliacha ubao, akaenda kusimama kizingitini, mguu mmoja ndani na mwingine koridoni, mgongo wake mpana ukiuzuia mlango usijifunge. Akafundisha akiwa pale pale, kwa sauti ya kwaya, "Robo tatu ni sawa na ngapi kwa desimali? Amka, Brantley!" mpaka mtoto arudi. Watoto walizoea. Watoto huzoea.

Bwana Teague alipita siku moja katika doria yake, akasimama.

"Loretta. Mlango."

"Nauona, Mkuu."

"Unatakiwa kuwa umefungwa kwa ufunguo muda wote wa masomo. Wewe ndiye unayewafundisha wenzako."

"Najua. Hata wimbo wake nimetunga mimi."

"Basi ufunge."

"Mtoto wangu mmoja yuko nje."

Bwana Teague alivuta pumzi ya mtu mwenye shule nzima mabegani. Hakuwa mtu mbaya. "Nikikuruhusu wewe nitawaruhusu wote. Nitalazimika kukuandikia onyo."

"Niandikie."

Alibaki pale, hajui aondoke au asiondoke, wote wawili wakiitazama korido ndefu yenye makoti ukutani. Mwisho kabisa mlango wa choo ukafunguka. Josie alitoka akikausha mikono kwenye sketi. Akaangalia moja kwa moja darasani kwao, kama anavyofanya kila mara, akaona mlango uko wazi na Bi Loretta yupo. Kukimbia koridoni ni marufuku, na mkuu wa shule alikuwa anamtazama. Alikuja mbio.

Loretta alimpisha. Mtoto alipita chini ya mkono wake akaenda kukaa, akafungua daftari. Loretta akausukuma mlango, akageuza ufunguo, na mkono wake ukabaki kwenye kitasa, maana alijua kabisa kwamba siku ya kweli ikija ataufunga kama alivyoufunga, na ataomba dua ile ile. Alipogeuka kuendelea na somo, Josie alikuwa anamtazama. Alijua pia. Akanyoosha mkono kujibu swali.